Koko aliniuliza: Mule ndani ya unga mulikuwa nini?

Mwezi huu sikuleta matokeo ya mitihani wala habari za darasani. Nimeleta kosa langu mwenyewe. Naliandika kwa ruhusa ya mama mzee ambaye kosa hilo lilimuumiza. Nilipomuomba ruhusa alicheka kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo, akasema, "Andika, mwalimu. Lakini jina yangu usiweke. Weka tu Koko, maana hapa makoko ni wengi." Basi nitamuita Koko.

Mambo yalianza Kampala, mwezi wa 12 mwaka 2023. Mnakumbuka mwaka ule msaada wa chakula ulipunguzwa, na kila nyumba ilikuwa inatafuta namna ya kuongeza kitu kwenye sufuria. Sisi walimu wa kujitolea posho yetu ni ndogo, na likizo ya mwisho wa mwaka ni ndefu. Nikatoka hapa Nakivale, nikapanda basi Mbarara, safari ya kilomita kama 270, nikafika kwa dada yangu mkubwa anayeishi Katwe. Yeye anauza vitenge kwa kutembeza. Jioni ya kwanza akaniambia kuna mkutano mjini, watu wanafundisha biashara ya dawa ya uyoga, na kuingia ni bure.

Tulipanda ngazi za jengo moja karibu na Old Taxi Park mpaka juu kabisa. Chumba kilijaa watu. Mbele alisimama bwana mmoja wa suti, akatuonyesha picha ya uyoga mwekundu unaong'aa kama umepakwa vanishi, mgumu kama mbao. Akasema Wachina wanautumia kwa dawa tangu miaka kama 2,000 iliyopita. Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo ni kweli. Halafu akasema unaponya presha, sukari, kansa, mgongo na ugumba. Hilo halikuwa kweli, lakini alilisema kwa sauti ileile aliyosemea la kwanza. Mimi nikayameza yote mawili pamoja.

Pakiti moja ya unga ilikuwa shilingi 40,000. Nilikopa kwa dada, nikanunua sita. Nilipiga hesabu: nikiuza kila moja 55,000, nalipa deni na nabaki na pesa ya viatu na sabuni. Risiti hawakunipa, na mimi sikuomba.

Hapa kijijini pakiti ya kwanza aliinunua Koko. Aliuza mbuzi wake mdogo. Presha anayo tangu mwaka 2019, na kituo cha afya kilikuwa kinampa vidonge vya kumeza kila siku. Alikuwa amevichoka. Alisema vinamvimbisha miguu, na kila mwezi ni kupanga mstari tangu asubuhi. Aliposhika pakiti yangu mkononi aliniuliza, "Mwalimu, nikikunywa hii, zile vidonge niache?"

Ndugu zangu, mimi sikumwambia "acha". Lakini pia sikumwambia "usiache". Nilimjibu hivi: "Koko, watu wengi sana huko Kampala wamepona na hii." Yeye alisikia neno la mwalimu, akaenda nalo nyumbani.

Mwanzoni mwa mwezi wa 3 mwaka 2024, asubuhi kabla ya kengele, mjukuu wake ambaye ni mwanafunzi wangu wa P.5 alikuja mbio. Hakukimbilia kituo cha afya. Alikimbilia kwangu, kwa sababu dawa ilitoka kwangu. Nilimkuta Koko chini karibu na mlango, mdomo umeenda upande, mkono wa kuume haunyanyuki. Walipompima, presha ilikuwa 210 kwa 120. Alikuwa hajameza kidonge hata kimoja kwa wiki tano. Walimpeleka Mbarara, akakaa huko wiki mbili. Alirudi yuko hai, tunamshukuru Mungu, lakini anatembea na fimbo, na ule mkono mpaka leo ni mzito.

Nilipoenda kumsalimu niliogopa atanifukuza. Hakunifukuza. Alinikaribisha kwenye mkeka, akanyamaza, halafu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, mule ndani ya ile unga mulikuwa nini?"

Nikachukua pakiti, nikaisoma mbele na nyuma. Iliandikwa kwamba ni ya asili asilimia 100. Basi. Hakukuwa na namba ya Mamlaka ya Dawa, wala jina la kitu kilichomo, wala kipimo. Mimi ninayewafundisha watoto Sayansi sikuwa na jibu. Ningependa angenitukana, ingekuwa rahisi zaidi.

Likizo ya mwezi wa 5 nikarudi Kampala. Safari hii sikwenda kununua kitu. Nilienda kutafuta jibu la Koko.

Nilianzia karibu. Nyuma ya nyumba ya dada yangu kuna mama mmoja wa kwetu Kongo anayelima uyoga ndani ya chumba kimoja kidogo. Ni ule uyoga mweupe laini unaouzwa soko la Nakasero, unaofanana na sikio. Waganda uyoga wanauita obutiko. Mwenye nyumba wake hata kuonja hawezi, kwa sababu yeye ni wa ukoo wa Butiko, na uyoga ndio muziro wao. Kila akipita anatania, "Mama, leo umechemsha tena ndugu zangu?"

Yule mama alinionyesha kazi yote. Ananunua maganda ya mbegu za pamba, anayalowesha, anayapika kwa mvuke ndani ya pipa saa nyingi ili wadudu wafe. Yakipoa anayatia kwenye mifuko ya plastiki pamoja na mbegu ya uyoga, ambayo inakuzwa juu ya punje za mtama. Mifuko inakaa gizani wiki kadhaa mpaka inakuwa myeupe yote. Halafu anaitoboa, ananyunyiza maji kila siku, na uyoga unatoka kwenye matundu. Kilo moja mbichi ikikauka inabaki kama gramu 100 tu, maana sehemu kubwa ya uyoga ni maji.

Nilimuuliza, "Mama, uyoga huu ni dawa?"

Akasema, "Mwanangu, mimi najua kuulima na kuupika. Mambo ya dawa, uliza watu wa dawa."

Hilo jibu lilinishika sana. Mwezi wa 12 mimi nilikuwa sijui kuulima wala kuupika, lakini dawa nilikuwa nauza.

Mtu wa dawa nilimpata Wandegeya. Ni dada kijana anayefanya kazi kwenye duka moja la dawa, na dada yangu humuuzia vitenge. Alikubali kukaa nami jioni baada ya kufunga. Nilimpa pakiti yangu moja iliyobaki. Hakunicheka. Aliweka sufuria ya maji kwenye jiko, akaniambia, "Wewe ni mwalimu, basi nikufundishe kwa vitu vya jikoni."

Kwanza alichukua majani ya chai. Kidogo akatia kwenye kikombe cha maji baridi, kidogo kwenye maji yanayochemka. Maji ya moto yakawa mekundu mara moja, yale baridi yakabaki kama yalivyo. Akaniuliza, "Kuna mtu anayetafuna majani makavu ya chai halafu anasema amekunywa chai?" Nikasema hapana. Akasema, "Uzuri wa chai umo ndani ya jani. Maji ya moto ndiyo yanautoa nje. Kazi yote ya kutoa dawa kwenye mmea au kwenye uyoga ni hiyo: unatafuta kitu gani kitafungua mlango."

Halafu akachukua manjano, ile binzari ya unga. Ndani ya maji ilielea na kuzama chini, rangi ikakataa kuchanganyika vizuri. Ndani ya mafuta ya moto, mafuta yote yakawa ya dhahabu. "Umeona? Mlango wa huyu si maji. Ni mafuta. Vitu vingine mlango wao ni pombe kali. Kila kitu na ufunguo wake."

Sasa tukaja kwenye uyoga wenyewe. Nitawaeleza kama alivyonieleza.

Mwili wa uyoga umejengwa kwa vyumba vidogo sana vinavyoitwa seli. Kila seli ina ukuta. Ukuta wa uyoga haufanani na wa mboga. Una kitu kigumu kinachoitwa kaitini, na ndicho kilichoko kwenye ganda la kaa na kwenye mwili wa panzi. Mnazijua nsenene, wale panzi ambao Kampala nzima inawakimbilia mwezi wa 11? Ule ugumu unaobaki kwenye meno ukila nsenene ni kaitini. Tumbo la mtu linaipata kwa shida. Ndiyo maana ukimeza uyoga mkavu uliosagwa tu, sehemu kubwa ya vitu vyake inaweza kupita tumboni ikiwa bado imefungwa.

Ndani ya ukuta huohuo, pamoja na kaitini, mna minyororo mirefu ya sukari inayoitwa beta-glukani. Sio sukari tamu ya chai. Hii ndiyo wanasayansi wameichunguza zaidi, kwa sababu inaamsha askari wa mwili, yaani zile chembe zinazopigana na magonjwa. Ufunguo wake ni maji ya moto, tena kwa muda mrefu, moto mdogo. Siyo yote inatoka, lakini sehemu nzuri inaingia kwenye mchuzi.

Ule uyoga mwekundu mgumu una kundi lingine tena linaloitwa triterpini. Hayo ndiyo yanayoufanya uwe mchungu kama mwarobaini. Hayo maji hayayatoi vizuri. Yanataka pombe kali. Kwa hiyo viwandani wanatoa mara mbili: kwa pombe na kwa maji ya moto, wanachuja, wanakausha, halafu wanapima ni kiasi gani kimepatikana katika kila gramu.

Yule dada akachukua unga wangu, akautia kwenye maji, ukazama. Akasema, "Huu umesagwa tu. Hakuna aliyeutoa kitu, na hakuna aliyeupima. Hata tukisema ni uyoga wa kweli, hakuna anayejua kijiko kimoja kina nini. Na hata ungetolewa vizuri kabisa, bado hauwezi kuchukua nafasi ya kidonge cha presha."

Hapo nilitaka kubisha. Nilimwambia, mbona penisilini ilitoka kwenye kuvu, na kuvu ni ndugu wa uyoga? Mimi mwenyewe nafundisha hivyo P.7.

Akasema, "Vizuri. Sasa soma hadithi yote, usiishie mwanzo." Nilienda kuisoma, na ningependa ninyi pia muijue.

Mwaka 1928, mjini London, daktari Alexander Fleming aliona kuvu imeua vijidudu kwenye kisahani chake. Vitabu vyetu vya shule huishia karibu na hapo. Lakini Fleming hakuweza kuitoa dawa ile ikiwa safi na ya kutosha. Ilipita miaka zaidi ya kumi. Ni kikundi cha Howard Florey na Ernst Chain, Oxford, kilichofanya kazi hiyo wakati wa vita. Walikuza kuvu hata kwenye vyombo vya kujisaidia vya wagonjwa, kwa kukosa vyombo vingine. Mwezi wa 2 mwaka 1941 walimtibu polisi mmoja, Albert Alexander, aliyekuwa anakufa kwa vijidudu vilivyoingia kwenye damu. Walimdunga penisilini, akaanza kupata nafuu, homa ikashuka, akala. Halafu dawa ikaanza kuisha. Walikusanya mkojo wake, wakaitoa tena penisilini iliyobaki mle ndani, wakamrudishia. Haikutosha. Mwezi wa 3 alikufa.

Nilikaa sana na hadithi hii. Dawa ilikuwa ya kweli, madaktari walikuwa wakweli, na bado mtu alikufa kwa sababu kipimo hakikutosha. Sasa mimi na unga wangu usio na kipimo hata kimoja, nilikuwa nimesimama wapi?

Kuna hadithi nyingine, ya Japani. Mwaka 1969 mwanasayansi Goro Chihara na wenzake walitangaza kwamba wametoa kitu kwenye uyoga wa shiitake, kwa maji ya moto na kwa kusafisha mara nyingi. Wakakiita lentinani, nayo ni beta-glukani. Mwaka 1985 Japani iliruhusu itumike kwa wagonjwa wa kansa ya tumbo. Lakini sikilizeni vizuri: ilikuwa sindano, ikitolewa na daktari, pamoja na dawa za kansa. Haikuwa badala yake. Hata wale walioutoa uyoga dawa yake kwa akili nyingi namna ile hawakumwambia mgonjwa aache dawa nyingine.

Na ule uyoga mwekundu wa pakiti yangu? Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya majaribio ya dawa na kuyapima kama yana nguvu, liliuchunguza kwa upande wa kansa mwaka 2012 na tena mwaka 2016. Likasema hakuna ushahidi wa kutosha kuufanya tiba ya kwanza. Labda uwe msaada pembeni ya matibabu. Mwaka 2015 lilichunguza kama unapunguza hatari za ugonjwa wa moyo kwa watu wenye sukari. Majaribio yaliyokuwepo hayakuunga mkono kuutumia kwa kazi hiyo. Niliposoma hapo nilimkumbuka mbuzi wa Koko.

Hata hapa Uganda tumeona mfano mzuri wa kusema ukweli. Mwaka 2021, wakati wa Korona, watu walipigania dawa ya mimea inayoitwa Covidex, iliyotengenezwa na Profesa Patrick Ogwang wa Chuo Kikuu cha Mbarara. Mwezi wa 6 Mamlaka ya Dawa iliiruhusu, lakini ikaeleza wazi kwamba ni ya kusaidia matibabu. Neno hilo moja, kusaidia, ndilo mimi sikumwambia Koko.

Sasa akina mama wataniuliza: mwalimu, kwa hiyo tusile uyoga? Jamani, tule! Uyoga ni chakula kizuri sana, hasa kwa nyumba isiyopata nyama. Na kile tunachoweza kutoa wenyewe kwenye uyoga tunakitoa kwa sufuria, bila kumlipa mtu shilingi 40,000. Niliyojifunza kwa wale wawili, mkulima na mtu wa dawa, ni haya:

Nunua uyoga uliolimwa. Ukiwa mbichi, ukatekate, uanike juani mchana saa moja au mbili, upande wa mistari ukitazama juu. Jua linageuza kitu kilichomo ndani kuwa vitamini D, inayosaidia mifupa. Ukitaka kuuweka, endelea kuukausha mpaka uvunjike kama biskuti, halafu ufunge usipate unyevu.

Siku ya kupika, loweka kiganja kimoja cha uyoga mkavu nusu saa. Yale maji ya kulowekea usiyamwage. Sisi wengi tuna tabia ya kuchemsha uyoga na kumwaga maji ya kwanza, kumbe tunamwaga kilekile tulichotaka kukitoa.

Usiwashe moto wa peke yake kwa ajili ya uyoga. Kuni ni ghali. Utie kwenye sufuria ya maharage. Maharage yenyewe yanachemka saa moja na nusu au mbili, na huo ndio muda ambao uyoga unahitaji. Kula uyoga, kunywa na mchuzi.

Usijaribu kutoa dawa kwa waragi nyumbani. Waragi ya kienyeji mtu hajui imechanganywa na nini. Mwaka 2010, upande wa Kabale na wilaya za jirani, watu wengi walikufa kwa waragi iliyotiwa pombe ya sumu, wengine wakapofuka.

Usiokote uyoga wa porini usioujua, na usidanganyike kwamba kuchemsha kunaondoa sumu. Maji ya moto yanatoa kizuri, lakini sumu ya uyoga mbaya haiuawi na moto. Mwaka 2015, huko Ujerumani, wakimbizi wengi, hasa kutoka Syria, walilazwa hospitalini Hannover na kwingine kwa kula uyoga wa porini uliofanana na ule wanaoujua kwao. Ni watu kama sisi: macho yalikumbuka nyumbani, lakini udongo ulikuwa mwingine. Sumu ile inaweza kukaa kimya saa sita, kumi au zaidi, halafu inashambulia ini. Mtu akitapika baada ya kula uyoga, apelekwe kituo cha afya upesi, na mabaki ya chakula yabebwe.

Na ukiwa unakunywa unga au vidonge vyovyote vya uyoga, mwambie daktari bila aibu. Ule mwekundu unaweza kugombana na dawa za kuzuia damu kuganda, na kuna watu waliopata shida ya ini baada ya kuutumia.

Nilirudi hapa mwishoni mwa mwezi wa 5 nikiwa na mfuko wa uyoga mkavu kutoka kwa yule mama wa Katwe. Nilienda moja kwa moja kwa Koko. Mjukuu aliwasha moto, tukatia uyoga kwenye maharage, tukasubiri. Wakati tunasubiri nilimjibu swali lake. Nilimwambia, "Koko, mule ndani ya unga mulikuwa uyoga uliosagwa, kama kweli ulikuwa uyoga. Hakuna aliyeupima. Kitu cha kushusha presha yako hakikuwemo. Nilikuuzia kitu nisichokijua, na uliponiuliza kuhusu vidonge sikukujibu. Nisamehe."

Alinyamaza muda mrefu. Akasema, "Mimi pia nilitaka kusikia vile. Nilikuwa nimechoka na zile vidonge." Halafu akaongeza, "Lakini wewe ni mwalimu. Mimi nilichoka, wewe ulipaswa kujua."

Sikuwa na neno la kuongeza hapo, na hata leo sina.

Vidonge vyake vilibadilishwa. Alipoeleza kituoni kwamba vile vya zamani vinavimbisha miguu, walimpa vya aina nyingine, na miguu haivimbi tena. Kumbe dawa ya tatizo lake ilikuwa ni kusema tu, "Hizi zinanisumbua," badala ya kuziacha kimyakimya. Kila asubuhi mjukuu anamletea kidonge na kikombe cha maji, anaweka alama kwenye daftari langu la zamani la kuandikia masomo. Mara moja kwa wiki wanakula maharage na uyoga. Pesa ya mbuzi namrudishia kidogokidogo kutoka kwenye posho yangu. Zile pakiti nne nilizouza kwa wengine nilizifuata nyumba kwa nyumba. Watu wawili walikubali kurudishiwa pesa, wawili walikataa, wakasema inawasaidia. Niliwaomba kitu kimoja tu: wasiache dawa ya hospitali, na wamwambie daktari.

Ndugu msomaji, katika nyumba yako kuna mtu anayemeza kidonge kila siku na amekichoka. Labda ni mama yako, labda ni wewe mwenyewe. Kesho kutwa atakuja mtu na pakiti nzuri, labda mtu unayemheshimu, labda mwalimu. Muulize lile swali la Koko: mule ndani muna nini, nani alikipima, na kidonge changu nifanye nacho nini? Akisitasita kama nilivyositasita mimi, mrudishie pakiti yake, umpe na sahani ya maharage, maana huenda ana njaa kama niliyokuwa nayo mimi.

Mungu azilinde familia zetu.

Ni mimi, mwalimu wenu wa kujitolea, P.5.